Ngama ya Kila Chombo

Kila kazi ina mwenyewe. Kazi isiyojulikana mwenyewe wake ni kama mzigo uliotupwa njiani usiku: huokotwa na asiyestahili kuuokota, au humkwaza asiye na hatia. Watu wa pwani waliyajua haya tangu zama za mababu. Chomboni nahodha hafanyi kazi ya serehangi, wala serehangi hafanyi kazi ya mpishi; na bahari ikichafuka ndipo huonekana nani alikuwa mahali pake na nani hakuwapo. Hekima hii ilikuwa kongwe kabla mashine za kuhesabu hazijazaliwa. Lakini binti mmoja wa Bagamoyo alilazimika kuisoma upya, na ada aliyolipa kwa somo hilo ilikuwa fedheha ya mtu mwingine.

Binti huyu alikuwa mwanafunzi wa elimu ya kompyuta katika chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam. Likizo ilipofika alirudi kwao Bagamoyo, nyumbani kwa babu yake, ambaye alikuwa fundi wa vyombo. Banda la mzee lilikuwa ufukweni, mwendo mfupi kutoka soko la samaki, na tangu alfajiri mlio wa tezo ulisikika humo kama saa ya ukutani. Mzee aliunda ngalawa na mashua, akafunga mataruma, akatia kalafati ya pamba katika viungo vya mbao, akapaka sifa mpaka mbao zikang'aa. Hakujua kompyuta, wala hakuona haya kutoijua.

Kikundi kimoja cha wavuvi wa pwani hiyo kilikuwa na daftari lililochoka. Ndani yake yaliandikwa majina ya vyombo, majina ya wenyewe, na madeni ya nyavu, petroli na barafu ambayo wavuvi hukopeshwa wakayalipa baada ya mnada. Kurasa zililowa maji ya chumvi, nyingine zilichanika. Wazee wa kikundi walimwomba binti awatungie programu itakayoshika mahali pa daftari, naye akakubali kwa furaha ya kijana ambaye elimu yake imeulizwa kwa mara ya kwanza.

Aliitunga kwa lugha ya Python, na kwa mtindo ambao hugawa mambo katika vitu. Mtu atungaye programu kwa mtindo huu haanzi kwa kuuliza mashine itende nini kwanza na nini baadaye. Huanza kwa kuuliza ni vitu gani vilivyomo katika jambo lenyewe. Kila kitu kinajua nini juu ya nafsi yake. Na kinaweza kutenda nini. Vitu vya namna moja huumbwa kwa mchoro mmoja. Mchoro huo wengine wameuita darasa, na wengine wameazima neno klasi. Binti aliuita ngeli, na katika kuchagua neno hakukosea. Kikombe na kitanda havifanani kwa umbo wala kwa matumizi, lakini hutii sharti moja: hiki, kile, changu, kimevunjika. Sharti hilo si la kikombe wala la kitanda. Ni la ngeli. Lakini kuvunjika ni kwa kikombe chenyewe, wala kitanda hakivunjiki kwa sababu kikombe kimevunjika. Laiti angelikumbuka maneno haya ya mwisho kama alivyokumbuka yale ya kwanza, hadithi hii isingalikuwako.

Mtindo huo si wa jana. Ulianza Norwei katika miaka ya 1960, pale Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walipotunga mjini Oslo lugha iitwayo Simula, na toleo lake la mwaka 1967 ndilo lililoleta ngeli na vitu kwa sura inayofanana na hii ya leo. Haja yao ilikuwa kuiga mambo ya dunia ndani ya mashine, ili yachunguzwe bila ya kuyavuruga yenyewe. Katika miaka ya 1970 Alan Kay na wenzake katika maabara ya Xerox huko California waliendeleza fikra hiyo kwa lugha ya Smalltalk. Norwei ni nchi ya mabaharia na wavuvi, na chuo cha uvuvi cha Mbegani, kusini kidogo ya Bagamoyo, kilipata msaada wake kwa miaka mingi. Basi yamkini haikuwa ajabu kwamba elimu iliyozaliwa kwa watu wa bahari ilitumika siku moja kuhesabu mashua za watu wa bahari.

Ngeli ya binti iliitwa Chombo. Ndani yake aliweka vitendo, na vitendo vyake vilikuwa vya aina tatu, kama lugha ile iruhusuvyo.

Aina ya kwanza ni vitendo vya chombo chenyewe. Kitendo cha aina hii hakifanyi lolote mpaka kikabidhiwe chombo fulani mkononi. Kukopa ni kitendo cha namna hiyo, kulipa pia, kutaja salio kadhalika. Hakuna mtu awezaye kusema kwamba mashua kwa jumla imekopa barafu. Imekopa mashua hii, yenye jina hili, na nahodha huyu. Ukiita kitendo hiki bila ya kukipa chombo, mashine hukataa, na hukataa kwa haki, kwa sababu umeuliza habari ya mtu bila ya kumtaja mtu.

Aina ya pili ni vitendo vya ngeli. Hivi havikabidhiwi chombo hata kimoja. Hukabidhiwa ngeli yenyewe. Binti alivitumia kwa mambo mawili. Kwanza, kutaja idadi ya vyombo vyote vilivyosajiliwa. Jambo hilo halijulikani na chombo kimoja peke yake, kama vile mtoto mmoja hapaswi kuulizwa hesabu ya ukoo mzima. Pili, kuumba chombo kipya kutoka katika mstari wa daftari la zamani. Hapa pana jambo la kufikiriwa. Chombo cha kwanza kitaumbwa na nani? Hakiwezi kuombwa kijizae chenyewe, kwa kuwa bado hakijakuwako. Basi ni lazima ngeli iwe na uwezo wa kutenda kabla ya mtoto wake yeyote kuzaliwa. Tena ngeli yaweza kuwa na ngeli nyingine chini yake. Binti aliiweka Ngalawa chini ya Chombo, ikarithi yote ya Chombo na kuongeza matengo yake. Kitendo kile cha kuumba, kilichoandikwa mara moja tu katika Chombo, kikiitwa kwa jina la Ngalawa huzaa ngalawa, wala hakizai chombo kisicho na matengo; kwa sababu kabla ya kutenda hupewa habari ya ngeli iliyokiita. Huo ndio uzuri wake.

Aina ya tatu ni vitendo tuli. Kitendo tuli hakikabidhiwi chombo wala ngeli. Hupewa kile kinachoulizwa tu, kikajibu. Katika daftari la zamani mlikuwa na mizigo iliyoandikwa kwa frasila, kipimo ambacho pembe na sandarusi zilipimwa kwacho katika Bagamoyo ya misafara. Frasila moja ni ratili 35 hivi, nazo ni karibu kilo 16. Kugeuza frasila kuwa kilo hakuhitaji kujua mashua ni ya nani, wala mashua ni ngapi. Mtu aweza kuuliza kwa nini basi kitendo hicho kikae ndani ya ngeli, ikiwa hakina udugu na yeyote humo. Jibu ni kwamba hukaa pale kama mzani ukaavyo sokoni: si wa mnunuzi wala wa mwuzaji, lakini kila autafutaye anajua mahali pa kuukuta.

Lugha hazikubaliani katika mgawanyo huu. Katika Smalltalk ngeli yenyewe nayo ni kitu, hupokea ujumbe na kuujibu kama vitu vingine. Katika Java, iliyotoka mwaka 1995, aina ya pili na ya tatu zimefungwa katika neno moja tu, na kitendo cha namna hiyo hakikabidhiwi habari ya ngeli iliyokiita. Python ilitolewa kwa umma mwaka 1991, lakini ilikaa miaka kumi kabla ya kuvipa vitendo vya ngeli na vitendo tuli mahali pao rasmi, katika toleo la mwaka 2001. Tofauti hizi si ugomvi wa majina. Kila lugha hujibu kwa njia yake swali lile lile moja: kazi hii ni ya nani?

Binti alijibu swali hilo vema katika vitendo vyake vyote. Hakuna kitendo hata kimoja alichokiweka pasipo pake. Aliijaribu programu yake kwa kusajili chombo kimoja, akakikopesha nyavu, akalipa nusu, akauliza salio, na jibu likawa sahihi. Alirudia mara nyingi, na kila mara jibu lilikuwa sahihi. Akaikabidhi.

Ilikuwa mwezi wa Agosti, kusi ikivuma. Asubuhi ya siku ya kwanza karani wa kikundi aliandika katika mashine deni la nyavu la chombo kimoja, kisha deni la petroli la chombo kingine. Jua lilipopanda alikuja nahodha mmoja mzee, mwenye mashua yake mwenyewe, mtu ambaye jina lake halikupata kuandikwa katika kurasa za wadaiwa miaka mingi. Alitaka barafu ya kukopa, kwa sababu samaki wa usiku ule walikuwa wachache. Karani alifungua ukurasa wa mashua yake, akasoma kwa sauti mbele ya watu waliongoja mnada:

"Mzee, una madeni mawili hapa. La nyavu, na la petroli."

Nahodha alitabasamu, akidhani ni mzaha. "Mwanangu, chombo changu ni cha tanga. Upepo hauuzwi kwa lita."

Watu walicheka. Lakini karani hakucheka. Aligeuza kioo cha mashine ili mzee aone mwenyewe. Maandishi yalikuwapo, na juu yake lilikuwapo jina la mashua yake, wala halikukosewa hata herufi. Ndipo kicheko kilipogeuka kikawa kimya, na katika kimya kile mtu mmoja nyuma alinong'ona kwamba mashine haina sababu ya kumsingizia mtu. Watu wale wale waliomjua mzee tangu utoto wao, na walioiona mashua yake kwa macho yao kila siku haina mtambo, walisadiki kioo kuliko macho. Nahodha alichukua pakacha lake, akaondoka bila ya kusema neno. Siku ya pili mashua yake haikutoka. Wala siku ya tatu.

Habari zilimfikia binti jioni ya siku hiyo ya tatu. Alikwenda bandani kwa babu yake, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umeshusha tanga mapema?"

Akamweleza yote. Mzee aliendelea kugonga pamba katika ufa wa ubao, na alipomaliza ufa ule akauliza, "Vyombo vyako hivyo vya kwenye mashine, umevipa majina?"

"Kila kimoja na lake."

"Na wenyewe?"

"Kila kimoja na wake."

"Na ngama?"

Binti hakufahamu. Mzee akamwita apande juu ya mashua iliyokuwa imeegemezwa magogo, akamwonyesha chini kabisa, pale maji yapenyayo hukusanyika. Kando palikuwa na upo, yaani kata ya kufulia maji, iliyochongwa kwa mti mmoja. "Hakuna chombo kisichopitisha maji," alisema. "Ndiyo maana kila chombo kina ngama yake na upo wake. Maji ya chombo hiki hayavuki kwenda chombo kile, hata vikilala ubavu kwa ubavu. Deni ni maji ya ngama. Naona wewe umechimba ngama moja chini ya pwani nzima, kisha ukamwambia kila nahodha achungulie."

Binti alikimbia nyumbani akafungua programu yake, na kosa likamtazama usoni. Jina la chombo na jina la mwenyewe alikuwa ameyaandika ndani ya kitendo cha kuzaliwa, ambacho hutendeka upya kwa kila chombo. Lakini orodha ya madeni alikuwa ameiandika juu, katika kifua cha ngeli, ambako huandikwa mara moja tu. Na desturi ya Python ni hii: chombo kikiulizwa kitu ambacho hakinacho, humwendea mzazi wake, yaani ngeli, kikajibu kwa kile alicho nacho mzazi. Basi vyombo vyote vilikuwa vikichungulia orodha moja. Kitendo cha kukopa kilikuwa kweli cha chombo, lakini mali kilichoigusa ilikuwa ya ukoo. Na majaribio yake yote hayakumfaa kitu, kwa kuwa aliyafanya kwa chombo kimoja. Na palipo na mmoja tu, yake na ya wote ni kitu kimoja. Dhuluma haionekani mpaka watu wawe wawili.

Dawa ilikuwa ndogo kuliko maradhi. Mstari ule mmoja uliteremshwa mahali pa kuzaliwa kwa chombo, ukaongezewa neno moja lenye maana ya nafsi. Haikuchukua dakika moja. Idadi ya vyombo hakuihamisha, kwa sababu ilikuwa mahali pake. Angaliiteremsha nayo, kila chombo kingalitoa hesabu yake, na ukweli mmoja ungaligawanyika katika vinywa vingi. Kuna mambo ambayo ni dhuluma kumwandikia mtu peke yake, na kuna mambo ambayo ni dhuluma kuyaandikia wote. Elimu ni kuyatenga.

Wala Bagamoyo haihitaji kompyuta ili ijue uchungu wa hesabu ya namna hiyo. Hapo ndipo misafara ya bara ilipomalizia safari katika karne ya 19, na wengi walioletwa walihesabiwa kwa vichwa, kama pembe zilivyohesabiwa kwa frasila. Mtu aliingia katika hesabu kwa ngeli yake, na jina lake likabaki nyuma njiani. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na pingu zikaingia kutu. Lakini tabia ya kumsoma mtu kwa kundi lake bila ya kumwuliza yeye mwenyewe haikufungwa na mkataba wowote. Hurudi kwa sura nyingine kila mara, na mara nyingine huandikwa na mkono usiokusudia ubaya. Mkono wa binti haukukusudia ubaya. Hata hivyo mzee mmoja alilala siku tatu nyumbani kwa aibu isiyokuwa yake.

Alfajiri binti alimfuata babu yake mpaka nyumbani kwa nahodha, wakapiga hodi. Walikaribishwa kwa heshima, wakapewa kahawa. Binti alisema, "Baba, kosa ni langu. Si la karani, wala si la mashine. Mimi ndiye niliyeandika vibaya, na nimekuja kuomba radhi."

Nahodha aliweka kikombe chini. "Radhi nimekupa, mwanangu. Lakini mliniaibisha hadharani, msinisafishe chumbani."

Mchana huo, watu walipojaa mnadani, binti alisimama mbele ya wote akarudia maneno yale yale. Sauti yake ilitetemeka, lakini hakuacha neno. Karani akafungua ukurasa wa mashua ya mzee, akasoma: hakuna deni. Watu wakapiga vigelegele, wakadhani jambo limekwisha. Mzee hakuondoka.

"Sasa niandikie barafu," alisema.

Karani akaandika.

"Fungua chombo cha jirani yangu, yule wa nyavu."

Karani akafungua, akasoma: nyavu, basi.

"Na yule wa petroli."

Petroli, basi.

"Rudi kwangu."

Barafu, basi. Mzee akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyepima kina cha maji akaona chombo kitapita. Bila ya kupata kuingia darasani alikuwa amefanya jaribio ambalo mwanachuo aliliacha: jaribio la chombo zaidi ya kimoja. Binti aliliandika jaribio hilo ndani ya programu yake jioni ile ile, ili litendeke lenyewe kila mara programu ibadilishwapo na yeyote.

Nahodha alibeba barafu yake akateremka ufukweni. Maji yalikuwa yanajaa. Kabla ya kutweka aliinama chini ya mashua, akachukua upo, akafua maji yaliyokusanyika kwa siku tatu, akayamwaga baharini.